Ukungu Kwenye Kioo

Niliikuta ndani ya kopo la maziwa ya unga, siku tulipokuwa tunatoa vitu stoo ili mafundi wabadilishe mabati. Nilikuwa natafuta misumari. Nikafungua kifuniko, na kabla macho hayajaona kitu, pua ikawa imeshajua: vumbi lililoungua, mafuta ya cherehani, na kwa mbali harufu ya kahawa kavu ambayo haijakobolewa. Nikabaki nimesimama na kopo mkononi, misumari nimeshaisahau.

"Ni nini hicho?" Bibi akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akisimamia kazi, na akisimamia Bibi, kila mtu anajua anasimamiwa.

"Kadi, Bibi."

"Kadi ya kliniki?"

"Ya kompyuta. Ile ya enzi za Babu."

Mkono wake ukaenda mfukoni. Babu tulimzika mwaka uliotangulia, pale pale nyumbani kwenye migomba, na jina lake likitajwa Bibi huwa anatafuta kwanza rozari mfukoni.

"Ile iliyokula umeme wangu," akasema mwishowe. "Weka pembeni. Usiitupe."

Watoto wa siku hizi ukiwatajia kadi ya picha wanakuuliza ina giga ngapi. Yetu haikuwa na cha kuulizwa. Ilikuwa kipande cha kijani, upana wa kiganja, kimebebeshwa feni ndogo mgongoni, na kazi yake ndani ya kompyuta ilikuwa moja tu, kuchora kile unachokiona kwenye kioo. Kadi ya bei kubwa inakuchorea nyasi, vivuli, na maji yanayometameta. Ya bei ya chini inachora inachoweza, na wewe unashukuru. Wenzangu wa rika langu mnajua ninachosema. Tulijifunza kushukuru mapema.

Aliyetuletea ni baba mdogo Evarist, mdogo wake baba, fundi wa redio na simu pale Moshi mjini. Mtu akileta kitu kibovu kibandani kwake asirudi kukichukua, baba mdogo alikuwa anavumilia wee, halafu anakigeuza kuwa kitu kingine. Kompyuta yetu ilitokana na mabaki ya kompyuta nne. Kadi peke yake ndiyo aliyoinunua, imeshatumika na wengine, na mwenye duka aliifunga kwenye gazeti kana kwamba anamuuzia dagaa.

Mimi nilikuwa darasa la nne. Wazazi wangu walikuwa wanalima mpunga Mabogini, chini kule kwenye joto na mbu, nami nikaachwa mlimani kwa Babu na Bibi kwa ajili ya shule. Deo, mtoto wa shangazi, naye aliishi pale. Alinizidi miaka miwili na hakuniacha nisahau hata siku moja.

Bibi alikataa katakata kompyuta ikae sebuleni, ambako picha ya Moyo Mtakatifu inatazama kila kitu. Ikawekwa stoo, kwenye meza iliyobanwa kati ya magunia ya kahawa na pipa la pumba. Kisha akatoa sheria yake. "Kwanza majani ya ng'ombe. Halafu maji. Halafu vitabu. Na hicho kitu hakiwashwi bila mtu mzima kuwepo. Siku nikikuta kimewashwa na hakuna mtu mzima, kinarudi mjini siku hiyo hiyo."

Sisi tukamtazama Babu.

"Mimi nitakaa nao," Babu akasema. "Nitawaangalia."

Basi ikawa hivyo. Babu akawa na gunia lake la kukalia, upande wa kulia wa meza, na kila tulipomaliza kazi alikuja na bakora yake, akakaa, akasema, "Haya, washeni."

Gemu yenyewe ilikuwa ya msafiri anayevuka bonde kwenda kwenye ngome iliyo juu ya mlima, na njiani anavamiwa na wapanda farasi. Ili ikubali kutembea kwenye kadi ile, baba mdogo aliingia kwenye setingi akaanza kupunguza. Akaondoa vivuli. Akaondoa nyasi. Akaondoa maji, mto ukabaki njia ya bluu tu. Mwishowe picha zikaacha kukwamakwama, na kilichobaki ni ardhi ya kijani, miti michache, na ukungu mweupe uliotuzunguka pande zote. Hatua mia moja mbele hukuona kitu. Mlima wenye ngome tulisimuliwa tu kwamba upo, mwanzoni mwa gemu.

Sasa wewe ni mtoto wa mlimani. Umeona bonde, umeona ukungu, umeambiwa nyuma ya ukungu kuna mlima. Utafikiri nini? Sisi Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, tunaijua tabia yake. Inaonekana alfajiri, ikifika saa nne mawingu yameifunika, na ukibahatika utaiona tena jioni. Hakuna mtoto wa kwetu anayehangaika kutafuta mlima saa tisa mchana. Kwa hiyo nikaona kosa letu liko wazi kabisa: tulikuwa tunacheza baada ya shule. Tulikuwa tunachelewa.

Deo alinicheka mpaka akakaa chini, ila yeye mwenyewe hakuwa na maelezo mengine. Nikampelekea Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, Mama." Aliniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake mzazi, na aliniita hivyo hata akiwa amekasirika.

"Babu, Jumamosi tuwashe kompyuta alfajiri. Mlima wa kwenye gemu utakuwa umefunguka."

Babu hakucheka. Alilipima lile jambo kwa utulivu, akakuna kidevu. "Una akili," akasema. "Mlima ni mlima. Nitakuamsha."

Jumamosi hiyo akaniamsha kengele ya kanisa ikiwa bado haijapigwa. Tukakaa stoo wawili, yeye na koti lake zito, mimi nimejifunga kanga ya Bibi, chai kwenye vikombe vya bati. Nikawasha. Ukungu. Nikamsimamisha msafiri mahali palipoinuka, nikamgeuza kule mlima unakotakiwa kuwa, nikaweka mikono mapajani.

"Umefunguka?" Babu akauliza baada ya muda.

"Bado, Babu."

"Subiri. Huwa haupendi haraka."

Tukasubiri. Kuku wakaamka, Bibi akaanza kukoka moto, chai ikapoa.

"Sasa je?"

"Bado."

"Leo umegoma," akasema, akanyanyuka kwenda kwenye kahawa yake. Tulifanya hivyo Jumamosi nyingi. Nilizipenda zile asubuhi kuliko gemu yenyewe, na nasema hivyo sasa bila kuongeza chumvi. Lakini hata mara moja sikujiuliza kwa nini Babu ananiuliza mimi wakati kioo kiko mbele yake.

Sikujiuliza kwa sababu mimi na Deo tulikuwa na ushahidi kwamba Babu anaona kuliko sisi. Nieleze. Feni ya ile kadi ilikuwa imechakaa, baba mdogo akaitia mafuta ya cherehani, ikawa inazunguka huku inalalamika. Msafiri akitembea peke yake, feni ilinguruma polepole. Kukiwa na mengi ya kuchora, kadi ilipata moto na feni ikapandisha sauti mpaka Bibi akaisikia jikoni. Sisi tulishaizoea, hatukuisikia tena. Na ghafla Babu alikuwa anagonga bakora sakafuni, "Wanakuja! Mama, wanakuja!" Hapo kioo kilikuwa cheupe tupu, hakuna hata kwato. Halafu, hesabu moja, mbili, tatu, wapanda farasi hao wanatoka kwenye ukungu.

"Babu, wanatokea kulia au kushoto?" Deo alikuwa anapiga kelele.

"Hilo jionee mwenyewe, mimi mzee."

Deo aliwaambia watoto wote wa shule kwamba babu yetu anaona ndani ya ukungu. Nami nilijivunia.

Macho yale yalikuwa na heshima yake nje ya stoo pia. Mwezi wa kumi na mbili watu wetu wote waliotawanyika Dar na kwingine wanapanda kurudi nyumbani, ukoo unachinja, na kwetu mwenye kisu alikuwa Babu. Kugawa nyama si kukata tu. Kila kipande kina mwenyewe: kidari kina mwenyewe, shingo ina mwenyewe, mgongo una wenyewe, na ukipitisha kisu vibaya ukampunguzia mtu haki yake, umemtukana yeye na baba yake aliye kaburini. Wanaume walikaa na mbege zao, ile pombe ya ndizi, wakimtazama Babu akikata, na hakuna aliyefungua mdomo. Miaka thelathini alikuwa na kile kisu. Alikipenda, jamani. Alikinoa hata kisipohitaji kunolewa.

Na kuna jambo lingine la mwaka ule ambalo lazima nilitaje hapa. Ng'ombe wa jirani alikata kamba akaingia kwetu, akala mahindi mstari mzima. Babu akaapa hatamsalimia yule mtu mpaka kifo. Siku ya tatu jirani akaja, amevaa shati safi, mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Babu alinuna, akageuka huku, akageuka kule, akalipokea. "Ukiletewa isale hukatai," Bibi akanieleza. "Faini unaweza kudai. Msamaha huwezi kunyima." Faini ikawa debe la mbege, na wakalimaliza wote wawili.

Kahawa ilipoanza kuiva, baba mdogo akaja Jumapili moja na mfuko wa vifaa. Akafungua kompyuta, akaizungusha feni kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hii imekwisha. Siku moja itasimama, kadi itaungua, na sina nyingine ya kuwapa." Akaing'oa ile feni, akaiweka ndani ya kopo la misumari la Babu. Mahali pake akafunga kwa waya feni kubwa ya kompyuta nyingine. Akawasha. Kimya. Ilipumua tu, ukisogeza sikio ndio unaisikia.

Alipokuwa anaijaribu gemu nikaona nimuulize mtaalamu mwenyewe. "Baba mdogo, huu mlima huwa unafunguka saa ngapi?"

"Mlima gani?"

"Wa humu. Mimi na Babu tunausubiri asubuhi, haujawahi kufunguka."

Alinitazama kuona kama namtania, kisha akacheka, ila si vibaya. "Humo hamna ukungu, mama. Kadi hii ni dhaifu, haina nguvu ya kuchora vitu vya mbali. Sasa ili usigundue kwamba haioni mbali, inakuwekea ukungu. Ni ujanja tu."

Niliona aibu. Nikafikiria Jumamosi zote zile, chai yote ile, na mzee wa watu nimemtoa kitandani.

Mchana Babu akarudi kutoka kanisani, akakaa kwenye gunia lake, akasema, "Haya, washeni." Deo akacheza. Wapanda farasi wakatokea watatu, halafu sita. Msafiri akafa, akarudi, akafa tena. Deo alikuwa anafoka peke yake. Babu alikaa ameinua kidevu kidogo, ametulia, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Mbona leo hawaji?" akauliza.

Kioo kizima kilikuwa farasi. Deo akaacha kubonyeza. Akanigeukia, nami nikamtazama. Msafiri wetu akauawa pale pale, wala hatukujali.

Kesho yake asubuhi nilitoka nje mapema. Babu alikuwa amesimama kwenye vichanja vya kahawa akipapasa punje, uso ameelekeza mlimani. Kibo ilikuwa wazi. Si wazi ya kusema inachungulia, la, wazi kabisa, theluji yote mpaka ile mistari ya mawe meusi.

"Shikamoo Babu. Mlima ukoje leo?"

"Marahaba, Mama. Umejifunika," akajibu haraka haraka. "Leo mvua hii."

Nikatazama Kibo, nikamtazama Babu, na maneno ya baba mdogo yakarudi yote. Babu alikuwa haoni, na ili tusigundue, alikuwa anatuwekea ukungu. Sijui ni tangu lini. Nilitaka kulia, lakini badala yake nikasema, "Ndiyo Babu, umejifunika," nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Deo ndiye aliyelisema tukiwa kwenye mfereji. "Tukimwambia Bibi, nani atakaa nasi stoo? Mtu mzima asiyeona si mtu mzima kwa Bibi. Kompyuta inarudi mjini." Ni kweli alisema. Ila nisimsingizie Deo. Mimi nilikuwa na mdomo wangu, na nilinyamaza kwa sababu niliitaka ile gemu. Nimejaribu miaka mingi kutafuta sababu nyingine iliyo nzuri zaidi, kwamba nilikuwa namlindia heshima yake, kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto, sawa. Lakini nilijua.

Na sikuishia kunyamaza, nikasaidia. Nilianza kugonga mguu chini ya meza kila wapanda farasi walipokaribia, polepole, kisha kwa kasi. Mara ya kwanza Babu alishtuka kidogo. Mara ya pili akagonga bakora, "Wanakuja!" na sauti yake ikawa na furaha ileile ya zamani. Hakuniuliza kitu. Bibi alipokuta kahawa mbichi imechanganywa na iliyoiva kwenye kikapu cha Babu, akatufokea mimi na Deo, nasi tukaitikia kosa letu. Miezi ikaenda hivyo.

Krismasi ikafika, watu wakapanda, uwanja ukajaa. Siku ya kuchinja mbuzi nilipewa sinia nisimame karibu na Babu nipokee vipande. Akakiinua kisu, wanaume wakanyamaza. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Ningeweza kumvuta koti. Ningeweza kumwambia baba, ambaye alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Sikufanya hata moja, kwa kuwa kesho yake tulikuwa tumepanga kuvuka bonde na binamu wote wa Dar walikuwa wanakuja kuangalia.

Kidari alikikata vizuri, kwa kupapasa tu, na hakuna aliyetambua. Akahamia shingoni. Niliona kisu kinapita mahali pasipo na nyama, kisha nikaona damu ambayo haikuwa ya mbuzi. Alikuwa amejikata kiganja cha kushoto, ndani hasa, mpaka kitambaa cha kwanza kikalowa na cha pili. Babu hakupiga kelele. Alisema tu, "Nani amesogeza taa?" Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali.

Watu wote wakasikia. Mdogo wake Babu akanyanyuka, akakiokota kisu, akakiosha, akakifunga kwenye jani la mgomba. Kikaondoka mikononi mwa Babu hivyo, mbele ya ukoo mzima.

Hospitali mjini walimshona mkono, kisha daktari akammulika macho. Jioni baba alirudi akamweleza Bibi jikoni, nami nilikuwa nyuma ya mlango. Presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekufa siku nyingi. La kulia limebaki na mwanga kidogo, watampa dawa ya matone, pengine litaonyesha vivuli. "Daktari anasema angepelekwa miezi mitano, sita iliyopita, la kulia wangeliokoa," baba akasema. "Hakuna aliyejua," Bibi akasema akilia. "Huyu mzee alituficha. Hakuna aliyejua."

Nikahesabu kwa vidole kurudi nyuma mpaka Jumapili ile ya feni. Nikahesabu tena kwa kuwa sikutaka jibu lile. Muda ulikuwa unatosha.

Siku tatu sikula vizuri. Bibi akadhani ni homa. Siku ya nne nikaenda mpakani, nikakata jani la isale, nikalifunga fundo. Lilikuwa fundo baya, sikuwahi kulifunga kabla. Babu alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na vichanja, mkono umefungwa bendeji. Sikuweza hata kumwamkia. Nikaliweka jani kwenye mkono wake mzima.

Akalipapasa, toka ncha mpaka kwenye fundo.

"Nani ameniletea isale?"

"Mimi, Babu."

"Ehe. Ng'ombe wako amekula mahindi yangu?"

Nikalia hapo hapo. Nikamwambia yote huku nalia: feni, farasi, mlima, kahawa mbichi, na maneno ya daktari. Nikamwambia, "Nilijua huoni, Babu. Nilijua hata kabla ya ile miezi aliyoitaja daktari. Sikusema kwa sababu wangeichukua kompyuta."

Uso wake haukuwa mzuri. Nilifikiri atalirudisha jani, desturi au si desturi.

"Kwa hiyo uliniacha nikasimame na kisu mbele ya watu," akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Inauma hiyo, Mama. Nakwambia inauma." Akapumua kwa nguvu. "Na ule mguu uliokuwa unagonga chini ya meza, unadhani sikujua ni wa nani? Nilijua umejua. Nikasema moyoni, akiendelea kugonga mpaka Krismasi, nitakata nyama mara moja ya mwisho, basi. Mimi kwa ajili ya kisu, wewe kwa ajili ya gemu. Wezi watupu." Akalikunja jani, akalitia mfuko wa shati. "Nimepokea. Lakini kuna faini."

"Sina kitu, Babu."

"Unacho. Rudisha ile feni ya zamani. Hii mpya haisemi kitu, nimekaa mle miezi kama mtu aliyefungiwa kwenye pipa. Na usinidanganye tena. Mlima ukiwa wazi, sema uko wazi."

"Na wewe pia usinidanganye."

Alicheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. "Na mimi pia."

Baba mdogo aliposikia alishika kichwa. "Babu yenu anajua maana yake? Hiyo feni haifiki hata kwaresima. Kadi itaungua."

"Iungue," nikasema.

"Na gemu basi. Mmeelewa? Hakuna kadi nyingine."

Deo alifungua mdomo, nikamkanyaga. Bibi ndiye aliyemaliza maneno, na mimi nilitegemea atatufukuza wote. "Warudishie," akasema. "Stoo nitakaa mimi mwenyewe." Na kweli alikaa, anachambua maharage, anauliza kila dakika hao farasi ni wa nani.

Kuanzia hapo kila asubuhi nilimpa Babu habari za mlima. Kibo ikiwa wazi nilimshika bega nikamgeuza sawasawa, maana mara nyingi alikuwa anaangalia pembeni kidogo. Na kila alasiri feni ililalamika, ikapandisha, Babu akagonga bakora, "Wanakuja!" Sasa sote tuliisikia ile feni. Tuliisikia pia inavyozidi kuchoka wiki hadi wiki, lakini hakuna aliyesema tuipumzishe.

Siku yenyewe haikuwa ya ajabu. Tulikuwa tumevuka mto, Deo anacheza, mimi nimekaa karibu na Babu. Feni ikaanza kupanda, ikapanda, ikapita pale tulipopazoea, na harufu ya vumbi linaloungua ikajaa stoo. Bibi akaacha maharage. Babu akasimama, bakora juu.

"Wanakuja! Mama, leo wanakuja wengi!"

Kioo kilikuwa ukungu mtupu, mweupe kona zote. Kikacheza mara mbili, kikazima. Feni ikazunguka kidogo yenyewe, ikasimama. Babu bado alikuwa amesimama, kidevu juu, anasikiliza.

"Wangapi?" akauliza.

Nilikuwa nimeahidi. "Hakuna mtu, Babu. Kadi imeungua."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akashusha bakora.

"Basi tumeshinda," akasema, akaninyooshea mkono nimpeleke akanywe chai.